Kibuyu cha Nyonyo na Mikono ya Trekta

Jumapili, 6 Novemba 1955

Andika, Nesta. Andika kwamba leo ni Jumapili na mimi, mama yake Anania, naogopa. Ndiyo, anza na hilo. Si wewe mwenyewe ulisema, "Mama, usingizi hauji kwa sababu maneno yamekujaa, nipe niyaweke kwenye daftari"? Haya, nakupa. Na usinitengenezee maneno. Ukinitengenezea nitajua hata kama sijui kusoma, maana utaandika muda mrefu kuliko nilivyosema.

Jana mwanangu Anania kaingia nayo hapa uwanjani. Trekta. Ndogo, ya kijivu. Ikizimwa imetulia kama punda mgonjwa, lakini ikiwashwa, hee! kuku wote waliruka ua. Ilikuwa ya mzungu mmoja wa kahawa kule bondeni, amerudi kwao, chama chetu cha wakulima kikaichukua. Na katika watu wote wa chama wakamchagua Anania aiendeshe, kwa sababu alifundishwa siku tatu. Siku tatu! Mimi kumfundisha mjukuu wangu Roda kupepeta ulezi, huu mwaka wa pili. Sasa nyumba kumi na mbili zinamsubiri awalimie kabla ya mvua, kuanzia kwetu mpaka kwa mzee Asajile hapo chini.

Kinachoniogopesha si kelele. Ni nyuma yake. Nyuma ina mikono miwili ya chuma, na mikono hiyo imeshika plau, chuma kitupu, wanaume wanne hawainui bila kutukanana. Anania anavuta kichuma kidogo karibu na kiti, hivi, kama mtu anachuma pilipili, na plau inapanda juu yenyewe. Hakuna kamba. Hakuna mtu. Nikamwuliza, "Anania, nani anaishika huko juu?"

Akacheka. "Mafuta, mama. Ndani kuna mafuta yanasukuma."

Mafuta ndiyo yashike chuma? Mafuta hata sahani hayashiki.

Nesta, wewe hukumkuta baba mkwe wako, Mika. Mwaka wa nzige alikuwa kibarua wa mzungu mwingine, na gari la ng'ombe likavunjika gurudumu. Wakaliinua. Mika akakata panda ya mti, moja tu, akaliegemeza, akaingia chini. Panda ikateleza. Mimi nilikuwa mtoni na Anania mgongoni. Nilisikia watu wanaita jina langu, na mpaka leo mtu akiniita kwa sauti kubwa miguu inakufa.

Ndiyo maana jana nilifanya lile jambo. Baba yangu alikuwa mfua chuma, na babu zake waliyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo huko porini. Kwetu jembe jipya haliendi shambani kavu. Linapakwa kwanza mafuta ya nyonyo, ya hapa hapa nyumbani. Likishaonja mafuta ya nyumba linawajua watu wa nyumba, haliwakati. Basi nikachovya kidole nikaipaka ile trekta usoni. Anania kaona, kageuka. Wewe ukaona ukasema itashika vumbi.

Mwalimu wa vumbi wewe.


Jumanne, 8 Novemba

Wamekwenda kuijaribu kwa Asajile. Plau haikuinuka. Anania kavuta kile kichuma mbele, kavuta nyuma, mikono imelala tu. Akafungua kitabu chenye picha. Akashuka, akapiga nyundo huku na huku. Akafunga mnyororo, akafungua mnyororo. Wanawake wa Asajile wakaacha kazi kutazama. Mzee mwenyewe kakaa juu ya kichuguu na kofia yake, kasema, "Anania, mimi ng'ombe wangu akigoma namjua anaumwa wapi. Huyu wako ana ulimi tumtazame?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mwanangu anavyolala chali chini ya kile chuma, miguu tu iko nje. Miguu ya baba yake ile ile.


Jumatano, 9 Novemba

Bado imelala. Mwanangu hajala.


Alhamisi, 10 Novemba

Wamemwita Ezron kutoka Chapwa, kule karibu na Tunduma. Ezron ni mume wa binti yangu Ketrina, Mnamwanga, amefanya kazi miaka saba kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, kila neno lake lina "mukwai" mwishoni, adabu ya huko, na mama kwake ni "mayo". Kaja na baiskeli na sanduku la spana. Sasa wewe unajua, lakini andika, labda atasoma mtu wa mbali: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Hawasemeshani. Akipita mimi nageuka, najifunika kanga. Akiwa na neno kwangu anamwambia mtu mwingine nikiwapo, au kama hakuna mtu anamwambia kuku. Ndiyo heshima. Na kusema kweli Ezron sikuwahi kusikitika kutomtazama. Anacheka sana. Mtu anayecheka kila kitu, unamwachiaje binti?

Kazunguka ile trekta mara moja tu. Akasimama. Akaanza kucheka mpaka akashika magoti.

"Shemeji, siku tatu walikufundisha nini? Kuna kichuma kingine hapa ubavuni. Hicho ndicho kinaizungusha pampu. Usipokisukuma, hayo mafuta yamelala tu, na mikono imelala."

Akakisukuma. Plau ikapanda. Anania uso ulimshuka, maskini. Mimi nikiwa nyuma ya ghala nilimwambia kuku, "Mwambie huyo mgeni, asiyejua hachekwi, anafundishwa."

Na Ezron naye, bila kugeuka, kamwambia kuku yule yule, "Mwambie mayo nimesikia, mukwai. Lakini mwambie pia shemeji asiingie chini tena plau ikiwa juu. Ishushwe kwanza."

Hilo la mwisho sikulitegemea kutoka kwake.


Jumamosi, 12 Novemba

Leo wameipa mafuta. Ezron alisema yamepungua. Kuna kifuniko karibu na miguu ya dereva, hakikazwi kwa spana, kwa mkono tu. Wakafungua, wakamimina mafuta meusi kutoka kwenye debe. Nilisimama mbali nikatazama. Kumbe inakunywa. Kumbe ina mdomo, na sisi tuliipaka usoni tu.


Jumapili, 13 Novemba

Sikwenda kanisani. Mguu. Nimekaa uwanjani na trekta.

Umeniuliza, Nesta, kibuyu cha nyonyo mbona chepesi. Nimesema nilimchua Roda kifua. Andika hivyo.


Jumatano, 16 Novemba

Baridi ya leo imenitoboa mifupa, na ukungu umelala kwenye kahawa mpaka jua limepanda. Anania kasema asubuhi mikono ilikataa kuinuka, ikawa inatetemeka kama mzee anayeinuka kwenye kigoda. Trekta ilipopata joto ikakubali.

"Ilikuwa haifanyi hivi," kasema.

Nimekwenda kuchambua maharage.


Ijumaa, 18 Novemba

Tena. Na leo ilichukua muda zaidi.


Jumatatu, 21 Novemba

Nesta, leo andika kila kitu.

Tulikuwa tumepeleka togwa shambani, mimi na Teresia mke wa Asajile. Plau ilikuwa juu, trekta imesimama inanguruma. Teresia akaweka kibuyu cha togwa kivulini, chini ya plau, kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine. Anania alikuwa ametuelekea sisi, hakugusa kitu. Mikono yake miwili niliiona, ilikuwa imeshika kofia.

Plau ikaanguka.

Haikushuka polepole kama inavyoshuka. Ilianguka. Kibuyu kilipotea. Togwa iliruka mpaka usoni kwangu. Asajile akasema, "Nilikuwa nakunywa ile," na wengine wakacheka, na mimi nikakaa chini kwenye matuta.

Ezron hakucheka. Kwa mara ya kwanza nilisikia Ezron hacheki. Kafungua kifuniko, kachovya kijiti, kakitazama juani muda mrefu. "Hii si kawaida," kasema. "Kuna kitu kinashika ndani. Kinashika, kinaachia, kinashika, kinaachia. Shemeji, umetia mafuta gani?"

"Yale yale ya debe."

"Basi sijui. Lakini kuanzia leo asiingie mtu chini yake bila kuweka kitu. Si panda. Kitu kizito, kipana, kisichoteleza." Akatazama huku na huku. Kila gogo la jirani lilikuwa limeshakuwa kuni. Jioni akasimama mlangoni kwetu, mgongo kwangu, akamwambia jogoo, "Mwambie mayo naomba kile kinu chake."

Kinu changu! Kinu ambacho Mika alikichonga mwaka ule alionioa, mninga mtupu, siku nyingine nakiegemea tu nikiwa nimechoka kwa sababu kina upana wa bega lake. Nikamjibu jogoo, "Mwambie katika ukoo wetu mkwe anaomba mke, haombi kinu."


Jumanne, 22 Novemba

Anania kakichukua nikiwa mtoni. Wanakigeuza mdomo chini na kukiweka chini ya plau kila wakikagua.

Mahindi ya leo hayajatwangwa.


Alhamisi, 24 Novemba

Nimekirudisha nyumbani. Nimekivingirisha mwenyewe asubuhi kabla hawajafika shambani. Tunakula nini, plau? Nesta ulinitazama vibaya. Najua unafikiri mimi ni mwanamke wa zamani, sioni mbali. Andika kwamba najua unavyofikiri.


Jumamosi, 26 Novemba

Mvua. Ya kwanza, kubwa, na harufu ile. Mwaka mwingine ningetoka uwanjani nikapanua mikono. Leo nimekaa ndani nikasikiliza inavyogonga bati la yule mnyama.

Nyumba nne tu zimelimwa, nane bado. Asajile kapita na mwamvuli kasema kwa sauti ili wote tusikie: "Chama kilinunua chuma kikasahau kununua dereva." Anania alikuwa ndani. Alisikia. Aliendelea kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Anataka kuwaonyesha. Hiyo ndiyo inayoniua. Mtu mwenye hofu anaingia polepole, mtu mwenye aibu anaingia haraka.


Jumatatu, 28 Novemba

Andika haraka. Weka uji chini, Roda atajilisha.

Teresia kapita sasa hivi njiani anakimbilia kwao. Kasema huko shambani kwao plau imeganda juu, haishuki, wamevuta kichuma haishuki, wanaume wanne wameikalia haishuki. Na Anania amekwenda kukata panda ya mti aingie chini aitazame.

Panda, Nesta. Umesikia alivyosema? Panda.

Andika hivi kama ninavyosema na usiinue kichwa. Ukiinua kichwa nitashindwa. Ile Jumapili sikuumwa mguu. Mlipokwenda kanisani nilifungua kile kifuniko. Nilitaka imjue. Nilitaka iijue nyumba hii isimfanye alivyofanywa baba yake. Kupaka usoni niliona haitoshi, niliona ina mdomo. Nilimimina nyonyo, si kidogo, kibuyu chote, mpaka tone la mwisho, na kila baya lililotokea limetokea baada ya hapo, na nimelijua tangu siku ya baridi, na nimenyamaza kwa sababu niliogopa uso wa mwanangu, na sasa


Jumatano, 30 Novemba

Uliiacha hapo. Sawa, iache hivyo hivyo. Uliangusha kalamu ukaondoka mbio bila kanga, na mimi nilibaki na mtoto na uji na kinu.

Sasa nitasema mimi yale uliyokuwa hujayaona, maana wewe ulitangulia.

Nilikitazama kile kinu. Nikakisukuma kikalala. Kutoka kwetu mpaka kwa Asajile ni mteremko, na mvua ilikuwa imelainisha njia. Nikakivingirisha. Mwanzo nilikishika, halafu kikanishinda, kikawa kinakwenda mbele yangu na mimi nyuma nakiita kama mbuzi aliyekatika kamba. Nilianguka mara mbili. Kilisimama kwenye migomba ya Teresia nikakitoa. Sijui nilipata wapi nguvu, siku nyingine ndoo ya maji inanishinda.

Nilipofika, wewe ulikuwa umemshika Anania shati kwa nyuma, unasema, "Mama katia mafuta, mama katia mafuta," na yeye anasema, "Mafuta gani, Nesta, niache, watu wanatazama." Panda ilikuwa imeshasimamishwa. Nyembamba kuliko ile ya Mika. Gurudumu moja la trekta lilikuwa limezama mtaroni, na upande wa pili ukingo wa kahawa, hapakuwa na pa kuingilia ila kwa nyuma, chini ya plau yenyewe.

Na Ezron? Ezron aliponiona nakuja, heshima, akageuka, akaenda nyuma ya gurudumu akajificha uso. Yule peke yake ndiye angeelewa, na mgongo wake ulikuwa kwangu. Nikatafuta kuku. Nakuapia, Nesta, nilitazama chini kutafuta kuku wa kumwambia. Hapakuwa na kuku.

Nikalizunguka gurudumu. Nikasimama mbele yake. Nikajifunua kanga kichwani.

"Ezron. Ni mimi nasema na wewe."

Akainamisha uso. Watu waligugumia, Asajile alisema "Ala!" Nikamshika kidevu. Mimi, mama mkwe, nikamshika mkwe wangu kidevu mbele ya watu, nikamwinua uso, na ndipo nikaona kumbe ana kovu juu ya jicho. Miaka tisa kamwoa binti yangu, sikujua ana kovu.

"Nilitia nyonyo mle ndani. Kibuyu kizima. Tarehe kumi na tatu mlipokuwa kanisani."

Alikitazama kile kifuniko. Halafu macho yake yakaelewa kabla ya mdomo.

"Mayo," kasema, "yale mafuta ya debe na ya kwako hayakubaliani. Kwenye baridi hii yameganda kama uji wa jana, yameshika mlango mdogo wa ndani unaopitisha mafuta. Umeshikwa ukiwa umefungwa, ndiyo maana plau haishuki."

"Kwa hiyo itakaa juu?" nikamwuliza.

"Itakaa mpaka itakapoachia. Na itaachia bila kumwambia mtu."

Akaiendea ile panda akaipiga teke. Ikaanguka kirahisi, Nesta, uliona? Kwa teke moja. Anania akaanza kufoka, "Shemeji, unanivunjia nini!" na Ezron akamjibu, "Navunja jeneza." Wakakisimamisha kinu, mdomo chini, chini ya mhimili wa plau. Kati ya kinu na chuma pakabaki viganja viwili. Wakaitikisa plau. Wakaning'inia. Haikushuka. Asajile akapiga kwa rungu. Haikushuka.

"Lazima yamwagwe," kasema Ezron. "Kuna nati tumboni. Niingie mimi."

Anania kamtazama. Halafu kanitazama mimi. Uso ule niliouogopa wiki mbili, hakuna hasira mle, Nesta. Mlikuwa na hofu, ile ile yangu. Mwanangu alikuwa anaogopa muda wote na mimi sikujua, nilidhani naogopa peke yangu.

"Nimekabidhiwa mimi," kasema. "Naingia mimi. Mama, kinu kimekaa sawa?"

Yaani aliniuliza mimi. Mbele ya Asajile. Nikapiga magoti kwenye tope nikakikagua kama ninavyokikagua kabla ya kutwanga, nikakizungusha kidogo kikae. Ungetaka niseme nini? Ningesema hapana, angeingia mtu mwingine mwenye mama. Nikasema, "Kimekaa."

Akaingia chali. Ezron akalala kifudifudi kwenye matope akamshika vifundo vya miguu, vyote viwili. Nikasikia spana inagonga. Mara moja. Mara ya pili. Nati ikalia. Mafuta yakaanza kutoka, meusi, na ndani yake mabonge ya kijivu, kama maziwa yaliyokatika. Hayo mabonge ni mkono wangu. Nikasikia Anania anasema, "Yanatoka!" kwa furaha.

Halafu ndani ya chuma pakalia, sauti ndogo tu, kama mtu anayemeza.

Plau ikaja.

Nilisikia mninga unapasuka. Sikufumba macho, nilikuwa nimeshaapa sitafumba. Kinu kilipasuka kutoka kitako mpaka mdomo, ufa wa kuingia kidole, lakini kilisimama. Kilisimama, Nesta! Plau ilikaa juu yake inatetemeka, na kati ya ncha ya chuma na kifua cha mwanangu ungeweza kupitisha kiganja, ungekipitisha kimelala.

Ezron alivuta. Alimvuta kama ndama anavyovutwa tumboni mwa mama yake, akatoka na mafuta mwili mzima. Hakuna aliyeita jina langu. Nilikuwa nasubiri waniite kwa sauti kubwa, nilikuwa nimekaza miguu. Hawakuniita. Asajile alivua kofia, akaiweka juu ya tumbo lake, akaketi kwenye tope na suruali yake nzuri.

Anania alikaa akiangalia kinu. Halafu akasema, "Alikichonga vizuri."

Ndiyo hayo. Na wewe ulilia, na mimi sikulia, na sasa unalia tena unalowesha daftari.


Alhamisi, 1 Desemba

Ezron anaiosha ndani kwa mafuta ya taa. Mara mbili. Anatoa mabonge anayaweka kwenye jani la mgomba kunionyesha. Nimesema nimeshaona.


Jumapili, 4 Desemba

Anania hajanisemesha tangu Jumatatu ile ila "shikamoo" na "mama, chakula". Nimekwenda kanisani. Mguu mzima kabisa, Mungu anajua.

Ninaogopa bado. Nilidhani nikisema, hofu itaisha. Imebadilika tu, zamani niliogopa chuma, sasa naogopa mkono wangu. Nakamata chumvi nafikiri mara mbili. Nimekupa wewe kibuyu cha nyonyo, Nesta, ukifunge wewe.


Ijumaa, 9 Desemba

Ezron na Ketrina wameleta kuku, jike jeupe, kwa sababu ile heshima ilivunjwa na lazima ifungwe upya. Nimempokea kwa mkono wangu, tumemla pamoja, na wazee wamesema sasa tunaruhusiwa kutazamana na kusema. Hee, jamani. Kumbe mtu huyu anaongea! Kaeleza migodi kuanzia juu mpaka chini, mukwai, mukwai, mpaka nikatamani tungekuwa na kuku bado yuko hai nimwambie amwambie apumzike.

Lakini alipokuwa anaondoka alisema neno moja taratibu. Kasema huko mgodini alimwona mtu akibanwa, na alikuwa amemshika mkono, si miguu, na mkono haukutosha. Ndiyo sababu siku ile alishika miguu. Na ndiyo sababu anacheka sana. Hilo la mwisho sikulisikia kwake, nimelijua mwenyewe.


Jumapili, 11 Desemba

Baada ya ibada Anania kaniita, polepole, kwa sauti ya ndani. Kanipeleka kwenye trekta. Kavuta kichuma, plau ikapanda. Kasubiri. Hata kidogo haikutetemeka. Kashusha, ikashuka polepole kama mtu anayelaza mtoto. Akainua tena. Akaweka kinu chini yake. Ezron alikifunga pete mbili za chuma, moja juu moja chini, ufa umebana.

"Nataka kukaza bolti moja kule nyuma," kasema. "Mama, sema wewe. Niingie, nisiingie?"

Nikakizunguka kinu. Nikakigusa. Nikaitazama plau, na yeye akasubiri, mtu mzima na mke na mtoto, amesimama anasubiri.

Nikamwambia, "Ishushe kwanza, ndipo uikaze."

Akaishusha.


Jumamosi, 24 Desemba

Nyumba zote kumi na mbili zimelimwa. La mwisho lilikuwa shamba la Asajile, lile lile, kaliacha mwenyewe liwe la mwisho, kasema anataka kuona wengine wakipona kwanza. Mahindi yetu yamefika gotini, na mvua ya leo ni ya kukaa, nyembamba, inafaa maharage.

Umeniuliza, Nesta, kama ukate ule ukurasa wa nyonyo, Roda akikua asiusome. Nimekuambia uuache. Roda atapewa jembe jipya siku moja, na atalipaka, na ni vizuri alipake, lakini ajue tunapaka wapi na tunaachia wapi.

Naogopa bado, asubuhi nikisikia inawashwa. Nasimama mlangoni mpaka nisikie plau imegusa udongo. Kila siku.

Kinu hakirudi nyumbani tena. Kinasafiri nyuma ya kiti cha trekta, kimefungwa kwa mnyororo, na mimi natwanga kwa Teresia. Jana mgeni mmoja kutoka Mbebe alinikuta njiani na mahindi yangu kwenye ungo, akaniuliza, "Bibi, nyumba nzima haina kinu?"

Nikamwambia, "Kipo. Baba Anania kakichukua, yuko nacho kazini."